Kifungo cha Koti Kilichobaki Angani

"Jirani, umeniita mwizi mara tatu tangu nifungue mlango huu. Ya nne subiri kwanza nikalete kiti, maana miguu inaniuma."

Huyo alikuwa Mama Redio wa ghorofa ya pili, taulo kichwani, mwiko mkononi. Jina hilo alipewa na jengo zima, kwa sababu habari ikiingia kwake saa mbili, saa tatu imeshafika kwa walinzi wa benki ng'ambo ya barabara. Aliyesimama mbele yake ni Mama Dira, fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemsikia akipaza sauti, isipokuwa kumuuliza mteja suruali ipunguzwe kiasi gani. Leo amepanda ngazi na futi ya kupimia shingoni, pini mbili zimebaki kwenye kola.

"Sijakuita mwizi. Nimesema kifungo cha mwanangu kimo humu ndani."

"Na tofauti yake ni nini? Nifundishe."

"Mgeni wako wa juzi. Yule wa masanduku mawili."

"Kaka yangu? Kaka yangu anapakia mizigo kwenye ndege, mtu mzima na mvi zake. Aje aibe kifungo!"

"Umesema mwenyewe. Ndege."

Ngazi nzima ikacheka, maana ilikuwa imejaa. Jumamosi mchana watu wako nyumbani, na ugomvi wa bure hauna kiingilio. Mwalimu wa ghorofa ya tatu alikuwa ameegemea ukuta na ndoo yake ya nguo. Dereva wa lori alikuja na sahani kabisa, anakula amesimama.

Ngazi tatu chini yao alisimama Betri, fundi simu, na simu ya mtu mkononi, kioo kimening'inia kwa waya wake. Alitoka kibandani kwake mbio aliposikia neno "kifungo." Sasa hakuweza kupanda wala kushuka. Yeye peke yake, kati ya wote waliojaa pale, alijua kwamba kifungo hakimo kwa Mama Redio, wala kwenye sanduku la mgeni, wala popote duniani. Alijua pia ni nani aliyemfanya Mama Dira aamini kwamba kimo.

Dira, mwana pekee wa Mama Dira, alikuwa na mchezo wake. Ni mchezo wa watu wazima na unachezwa kila nchi: mtu anaficha kikopo mahali, chini ya benchi au kwenye ufa wa ukuta, anaandika mtandaoni kiko wapi, wengine wanakitafuta kwa simu. Ndani ya kikopo wakati mwingine mna msafiri. Msafiri ni kitu chochote kidogo kilichofungwa kwenye kibati chenye namba. Ukimkuta unamchukua, unampeleka kwenye kikopo kingine, mji mwingine, halafu unaandika kwenye ukurasa wa namba ile. Mwenye kitu anakaa kwake anasoma kitu chake kinavyotembea.

Dira alicheza mpaka figo zilipomgomea. Siku tatu kwa wiki damu yake ilipitishwa kwenye mashine hospitalini, na mtu wa namna hiyo hafiki mbali. Ndipo akakata kifungo kikubwa cha kahawia kwenye koti aliloshonewa na mama yake alipoanza kazi, akakifunga kwenye kibati, akaandika: "Kifike ambako mimi sifiki."

Kikafika. Kilipita mikono kumi na mmoja, na mkono wa kumi na mbili ukawa wa mwanamke aliyekuwa akijiandaa kupanda kwenye kituo cha angani, kile kinachozunguka dunia na watu ndani yake. Naye alikuwa mchezaji, akakitia mfukoni. Huko juu alikifunga kwa uzi karibu na dirisha, akakipiga picha, nyuma yake dunia ya bluu imejaa kioo kizima. Aliporudi alikiacha makusudi, wanaokuja wakikute. Dira aliiona picha ile. Aliwaonyesha manesi wote, hata wale wasiopenda maneno mengi. Wiki tano baadaye akazikwa, na koti lake likabaki msumarini kwa mama yake likiwa na pengo moja kifuani.

Tangu hapo Mama Dira akawa anashuka kila Jumamosi kwenye kibanda cha Betri chini ya ngazi, na simu ya marehemu imefungwa kwenye kitambaa. "Betri, mwanangu, nisomee." Macho yake yalikuwa yamechoshwa na sindano, na ukurasa wenyewe uko kwa lugha ya kigeni. Betri anasoma. Kila baada ya miezi miwili mitatu mmoja wa watu wa kule juu aliandika mstari: nimekiona, kipo, kinawasalimu. Mama Dira anacheka kidogo, anaacha kipande cha keki au limau mbili, anapanda kwake. Basi. Mtu akiomba kidogo namna hiyo, kumnyima ni kazi kubwa.

Sasa, mafundi wana ugonjwa mmoja, na Betri alikuwa nao. Simu ya Dira ilipoanza kukataa chaji, alimwambia mama aiache. "Ni tundu la chaji tu. Njoo Jumamosi." Jumamosi ikafika, vioo vya wateja wenye haraka vimejaa mezani. "Jumamosi ijayo, mama." Droo ya Betri ilikuwa kama kaburi la pamoja: simu zimelala humo na majina ya wenyewe kwenye vikaratasi. Ya Dira ililala wiki tatu. Siku alipoitengeneza, kazi ya dakika ishirini, ikawaka, na ujumbe uliokuwa umeingia siku kumi na mbili nyuma ukatoka mara moja.

Ujumbe huo Betri hakumsomea mtu.

Mama Dira alipokuja akamwambia mengine. "Kipo, mama. Wanakusalimu." Ili neno lake liwe na mguu wa kusimamia, akajiandikisha mtandaoni kwa jina la Mlinzi wa Dirisha. Ukurasa ulipomuuliza anaishi wapi, akaandika mji huu huu bila kufikiri, kama mtu anayejaza fomu ya maji. Namba ya kibati alikuwa nayo kwenye picha za Dira. Miezi minane, jumbe sita. Na wema una utamu wake mbaya, maana kila ujumbe ulipendeza kuliko uliotangulia.

Halafu wiki hii Mama Redio akapita akitangaza mlango kwa mlango: kile kituo cha angani kimezeeka, hakina mtu ndani, Jumatano kitaangushwa kwenye bahari kubwa, kitaungua njiani. Mama Dira akashuka kibandani mikono mitupu.

"Betri, kama hakuna mtu, wanaoniandikia ni nani?"

"Wa mwisho ameondoka juzi tu, mama."

Jioni ile, umeme unakatika unarudi, Betri akaandika kwaheri ya Mlinzi wa Dirisha. Ukurasa una vitufe viwili vilivyokaa jirani. Kimoja kinasema nimekiona. Kingine kinasema nimekichukua. Kwa haraka ya kumaliza uongo, akabonyeza cha pili.

Asubuhi ya leo msichana mmoja alikuja kuchukua sketi. Mama Dira humsimulia kila mteja habari za kifungo, na namba anaijua kama anavyojua jina lake. Msichana akaitafuta kwenye simu yake, akasoma mistari ya juu tu kwa kuwa alikuwa na haraka, akamwandikia kwa penseli kwenye karatasi ya kukatia nguo: *Kimechukuliwa kituoni. Kiko mkononi mwa Mlinzi wa Dirisha. Anaishi:* na jina la mji wao.

Na mgeni pekee aliyeingia jengoni wiki hii na masanduku alikuwa wa Mama Redio. Unadhani mama wa watu angefanya nini? Aliacha cherehani ikiwa na nguo ya mtu chini ya sindano, akapanda.

"Huyu hapa Betri!" Mama Dira alimwona. "Betri, panda mwanangu, wasomee. Mimi wananiona nimechanganyikiwa."

Watu wakampisha. Akapokea karatasi. Mwandiko wa msichana ulikuwa mzuri, wa shule, kila herufi imekaa mahali pake.

"Soma kwa sauti," akasema Mama Redio, "tumsikie huyo mwizi anaitwaje."

Betri akafungua mdomo. Aliona macho ya Mama Dira, jinsi yalivyokuwa yanang'aa. Miaka mitatu tangu msiba hakuwahi kuyaona hivyo. Lilikuwa tumaini tupu.

"Inaonekana..." Akakohoa. "Mtandao huu huwa unakosea, mama. Nipe mpaka jioni nichunguze."

"Mtandao haukosei jina la mji."

"Sikiliza, mama wewe," Mama Redio akamkata, na sauti yake sasa haikuwa ya mchezo. "Mimi maneno yangu mengi, hilo najua, na nikikusema nakusema mpaka usikie mwenyewe. Lakini kitu cha marehemu sigusi, wala ndugu yangu hagusi. Mlango huo. Ingia upekue."

"Jirani, sikutaka..."

"Umeshataka. Ingia. Betri, na wewe ingia, uwe shahidi. Ninyi wengine, filamu imekwisha. Dereva, sahani yako irudi na kijiko changu ulichoazima."

Akafunga mlango.

Kilikuwa chumba cha watu wengi hata kikiwa kitupu: makochi mawili yanayobanana, meza ya chakula imeegemezwa ukutani, sahani zimepangwa tayari, sufuria mbili jikoni zinachemka polepole. Mama Dira alisimama katikati kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Kisha akaanza. Alifungua droo ya kabati, akatoa vijiko, kamba, betri zilizokufa, akarudisha kila kitu kilipokuwa. Alipapasa mifuko ya koti lililokuwa nyuma ya mlango. Alipiga magoti taratibu, goti moja kisha jingine, akaingiza mkono chini ya kochi.

Mama Redio aliketi, hakusema neno. Kwa Mama Redio hilo ni jambo la kuandikwa.

Juu ya friji palikuwa na kopo la biskuti la bati, na ndani yake, kama ilivyo kwenye kila kopo la namna hiyo, mlikuwa na uzi na vifungo. Mama Dira akalimwaga mezani. Akawa anachukua kifungo kimoja kimoja, anakipeleka dirishani kwenye mwanga, anakizungusha, anapitisha ukucha kwenye matundu, anakiweka kando. Cheupe. Cheusi. Cha bluu. Cha kahawia, lakini kidogo. Akakirudia hicho cha kahawia mara mbili, kana kwamba huenda safari imekipunguza.

Betri hakuvumilia.

"Mama, kiache. Hakimo."

"Vimebaki vichache tu."

"Hakimo, mama. Kiko huko huko juu. Mlinzi wa Dirisha ni mimi."

Mkono wa Mama Dira ulibaki hewani na kifungo cheupe. Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza. Mama Redio akainuka, akapunguza moto, akarudi kuketi.

"Mara ngapi?" Mama Dira akauliza.

"Sita."

"Ule uliosema kinagongagonga kioo kama mtu anayebisha hodi?"

"Mimi."

"Yule aliyesema hukigusa kila asubuhi kabla ya kuanza kazi?"

"Mimi, mama."

"Nilikuwa namwombea huyo mtu," alisema Mama Dira. "Namwombea mpaka na watoto wake. Nilijiuliza kama ana watoto."

Betri alisimama. Alijua amefika pale ambapo angeweza kuishia: uongo wa huruma, angelia kidogo, mama angemsamehe kwa sababu ana moyo huo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwishoni ina kona moja ambapo mtu bado anaweza kujificha. Akaitazama kona hiyo. Kisha akatoa simu ya Dira mfukoni, kwa kuwa leo ilikuwa Jumamosi na mama alikuwa amemwachia aichaji kwa ajili ya kumsomea.

"Kuna mwingine ambao sikukusomea. Huu ni wa kweli. Ulikuja simu ikiwa kwenye droo yangu."

"Soma."

Akasoma, akigeuza lugha polepole, bila kuongeza neno:

"'Sisi ndio wa mwisho. Kituo kinafungwa. Mizigo ya kurudi nayo inapimwa kwa gramu, lakini mimi bado nina nafasi ndogo, na kifungo hiki kinaenea. Aliyekituma alitaka kifike mbali, kwa hiyo sitaki kukiondoa bila ruhusa. Mwenyewe au mtu wake akitaka kirudi, aniandikie kabla ya Jumatano, nitakifikisha mpaka mlangoni. Nisiposikia, nitaelewa kwamba kibaki.'"

"Jumatano ipi?"

"Ilishapita. Nilipoiwasha simu ilikuwa imepita siku tisa."

"Tundu la chaji," alisema Mama Dira.

"Ndiyo."

"Ulisema dakika ishirini."

"Ndiyo, mama."

Mama Redio akajishika mdomo. Mama Dira alianza kurudisha vifungo koponi, kimoja kimoja, kama muuza duka anavyovihesabu. Hakulia. Betri alitamani alie, apige kelele, amrushie lile kopo la bati usoni. Alipomaliza akafunga kifuniko na kukibonyeza pande zote mpaka kikalia.

"Angekuja mlangoni," alisema. "Mtu aliyetoka huko. Angebisha, mimi ningefungua nikidhani ni mteja."

"Nisamehe."

"Usiniombe hilo leo. Leo sina." Akavuta pumzi. "Jumatano hii kinaungua?"

"Kituo chote, mama. Hakitabaki kitu cha kuokota."

"Na ule ukurasa unasema kiko mkononi mwako."

"Unasema hivyo."

"Watu waliokibeba, wale kumi na wawili, wakifungua watasoma kwamba kimeshushwa. Watafurahi kama nilivyofurahi mimi. Au watasema kimeibiwa na mtu wa mji huu, mji wa Dira." Akalivuta kopo karibu. "Mwanangu alitaka kifike ambako yeye hafiki. Kimefika. Kama kinakufa, kife watu wakijua kinafia wapi. Kirudishe."

Betri akaketi ukingoni mwa kochi. Vidole vinavyochomea waya mwembamba kuliko unywele vilikuwa vinakosa herufi kubwa kabisa. Akaingia kwa jina la Mlinzi wa Dirisha, akafuta moja moja jumbe zake sita, na baada ya kila mmoja Mama Dira aliuliza, "Huo ulikuwa upi?" naye akamwambia. Ule wa hodi aliusitasitia.

"Futa," alisema Mama Dira.

Mwisho akakirudisha kifungo kituoni. Ukurasa ukafikiri, ukageuka.

"Unasemaje?"

"Unasema: kiko kwenye kituo cha angani. Wa mwisho kukiona ni yule aliyeandika kwamba ataelewa."

"Alielewa vibaya," Mama Dira alisema. "Lakini si kosa lake."

Alikaa hivyo, mikono juu ya kopo. Nje ya mlango mtu alikohoa, maana ngazi hazikuwa zimeondoka kama zilivyoambiwa. Mama Redio akaenda akaufungua kidogo, akasema neno moja ambalo halifai kuandikwa, nyayo zikateremka. Betri alijua kwamba kesho habari hii itakuwa imefika kwa walinzi wa benki. Lakini alipomtazama Mama Redio akirudi na kufuta macho kwa lile taulo, hakuwa na hakika tena.

Mama Dira aliinuka, akaitafuta futi yake, ilikuwa shingoni.

"Jirani, nimekuita mwizi mbele ya watu."

"Umeniita."

"Nimekupekua mpaka chini ya kochi."

"Na hujapafagia, ungenisaidia. Kaa chini, unakwenda wapi? Kule kwako kuna cherehani na lile koti. Ukishuka sasa hivi utalikodolea macho mpaka giza liingie. Umeniita mwizi, mchoyo hujaniita bado. Wali umeiva."

Mama Dira akakaa, si kwa kutaka. 

Betri alikuwa ameshafika mlangoni. Aliiweka simu ya Dira juu ya friji, taratibu, na kitambaa chake.

"Na huyu anakwenda wapi?" aliuliza Mama Redio.

"Mwache aende," alisema Mama Dira bila kugeuka.

"Kwangu mtu hatoki chakula kikiwa mezani. Ukitaka kumfukuza, kesho mfukuze kwako, mlango wako unao, na mimi nitakuja kukushikia taa." Akaongeza sahani ya tatu, ikagonga meza kwa nguvu kidogo. "Betri! Usinisimamie hapo kama nguzo ya umeme. Bomba lile pale. Nawa mikono, uje ule."